Chakula kinanikwama kifuani baada ya upasuaji wa kiungulia, na nyumbani wananihimiza nile

SWALI

Dada Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Moshi, na kazi yangu ni kuuza nguo za mitumba. Kwa miaka mingi nimesumbuliwa na kiungulia kikali. Nilikuwa nikilala, tindikali inapanda hadi kooni, naamka nikikohoa na kupaliwa, na vidonge nilivyokuwa nikimeza kila asubuhi vilinisaidia kwa sehemu tu. Nilipopimwa kwa mpira wenye kamera ilionekana kwamba sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo imepanda kifuani na kwamba umio, yaani mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni, umechubuka. Daktari alinishauri nifanyiwe upasuaji wa kuzuia tindikali isipande, nami nikakubali baada ya kushauriana na mume wangu. Nilipasuliwa kwa njia ya matundu madogo, na haikupita muda mrefu nikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa niko katika wiki ya tatu. Kiungulia kimekwisha kabisa, namshukuru Mungu, na usiku nalala. Hata hivyo yapo mambo yanayonitia hofu. La kwanza ni kumeza. Uji na supu vinashuka, lakini kitu kigumu kidogo tu kinasimama katikati ya kifua. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Rombo kunijulia hali, akasonga ugali kwa mikono yake mwenyewe, akanikatia tonge na kusema kwamba mgonjwa asiyekula ugali hapati nguvu. Kwa heshima yake nililimeza. Lilisimama kifuani, mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka, na kila aliyekuwa mezani akanyamaza akiniangalia. Mume wangu akaniletea soda ili isukume, nikapiga funda moja, maumivu yakazidi. Tonge lilikaa muda mrefu ndipo likashuka. Tangu hapo nakiogopa chakula.

La pili, nimekonda. Sketi zinazunguka kiunoni, na majirani wengine wananong'ona kwamba nina ugonjwa mwingine ninaouficha. La tatu, tumbo linajaa hewa na siwezi kupiga mbweu, kwa hiyo hewa yote inatokea chini, jambo linaloniaibisha mbele ya wageni. Zaidi ya hayo, siku zile za mwanzo bega la kulia liliniuma sana ilhali sikuguswa begani, na hakuna aliyenieleza sababu.

Karatasi niliyopewa hospitali iliandikwa "chakula laini" na tarehe ya kliniki, basi. Naomba unieleze: je, walinikaza mno? Ni lini nitakula kama watu wengine? Nitarudi lini kazini, maana mabelo ya nguo yananisubiri? Na nimjibu nini mama mkwe bila kumvunjia heshima?

Mama wa Moshi

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa hofu uliyonayo, na nafurahi kwamba usiku sasa unalala. Nianze na swali linalokuumiza zaidi, la kama walikukaza mno. Kwa jinsi ulivyoeleza, yanayokupata ndiyo yanayowapata wagonjwa wengi walio katika wiki kama yako, na sioni katika barua yako jambo linaloonyesha kwamba upasuaji umeharibika. Tatizo ninaloliona ni kwamba ulirudishwa nyumbani na maneno mawili tu, pasipo mtu kukueleza wewe na watu wako ulaini huo wa chakula ni upi, ni wa muda gani na una sababu gani. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na naamini kwa dhati kwamba kazi ya upasuaji huu haijakamilika mpaka anayepika nyumbani naye ameelezwa.

Umio hupita katika tundu lililo kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ndipo uungane na mfuko wa tumbo. Mahali hapo pana msuli unaobana ili kilichokwisha kuingia tumboni kisirudi juu. Kwako msuli huo ulikuwa umelegea na tundu limepanuka, hata sehemu ya tumbo ikapenya na kukaa kifuani. Katika upasuaji wa aina hii daktari huishusha sehemu hiyo, hulipunguza tundu kwa nyuzi, kisha huchukua sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, akaipitisha nyuma ya umio na kuileta mbele, kama skafu inavyozungushwa shingoni, na kuishona hapo. Tumbo linapojaa, sehemu iliyozungushwa nayo hujaa na kuubana umio, na tindikali hukosa njia ya kupanda.

Sasa fikiria kwamba nyama zote hizo zilishikwa, zikavutwa na kushonwa. Lazima zivimbe, na katika njia nyembamba kama umio, uvimbe mdogo unatosha kulizuia tonge. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya chakula kusimama kifuani katika wiki za mwanzo. Uvimbe hupungua polepole: wengi huanza kumeza kwa urahisi kati ya wiki ya 4 na ya 8, na wapo wanaochukua hadi miezi 3. Kwa sababu hiyo daktari hatakimbilia kukurudisha chumba cha upasuaji leo. Ikiwa miezi hiyo itapita na kumeza bado ni taabu, utapigwa picha za eksirei huku ukinywa dawa nyeupe ya bariamu, au utapimwa tena kwa kamera, na mara nyingi njia inaweza kupanuliwa kwa puto maalumu linalopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa upya.

Mueleze pia mume wako, maana naye bila shaka ana wasiwasi, kwamba hukufanyiwa jambo la kujaribiwa. Daktari Mjerumani Rudolf Nissen aliwafanyia upasuaji huu wagonjwa wa kiungulia mjini Basel, Uswisi, mwaka 1955 na kuutangaza mwaka uliofuata, na tangu mwaka 1991, Bernard Dallemagne wa Ubelgiji alipoeleza namna ya kuufanya kwa matundu madogo, umeenea duniani kote. Zipo namna za kuuzungusha mfuko wa tumbo pande zote za umio, na zipo za kuuzungusha kwa sehemu tu, ambazo kwa kawaida huleta shida ndogo zaidi ya kumeza na ya gesi. Uliza kliniki wewe ulifanyiwa ipi, kwa kuwa jibu hilo litakusaidia kujua utarajie nini.

Tuje kwenye chungu chenyewe. Wewe uko Moshi, na kwenu kuna chakula ambacho, kikipikwa kwa uangalifu, kinamfaa sana mtu wa hali yako, nacho ni mtori. Chemsha ndizi mshare katika supu ya mifupa mpaka zilainike kabisa, ziponde, zipekeche mpaka pasibaki kibonge, kisha ongeza supu hadi mtori uwe mwepesi wa kumiminika kutoka kwenye kijiko. Nyama iondoe, au isage mpaka iwe laini kama mtori wenyewe, kwa kuwa nyama ya ng'ombe yenye nyuzi ni miongoni mwa vitu vinavyokwama zaidi. Uji wa ulezi nao ni mzuri ukichujwa na ukitiwa maziwa. Kutoka hapo unaweza kupanda taratibu, jambo moja kwa wakati mmoja: viazi vilivyopondwa kwa maziwa, parachichi, papai bivu, yai lililopikwa likiwa laini na lenye majimaji, samaki aliyetolewa miiba yote na kulainishwa katika mchuzi. Kitu kipya kikishuka vizuri kwa siku mbili tatu, ongeza kingine. Kikisimama, kiache wiki nzima kabla ya kukijaribu tena, na usihesabu kwamba umeshindwa.

Vinavyopaswa kusubiri ni mkate, chapati, maandazi, ugali, wali mkavu, nyama ya kuchoma, muhogo, karanga nzima na mahindi ya kuchoma. Ugali nautaja kwa mkazo kwa sababu wengi wetu huuona kuwa chakula laini, ilhali kwenye njia iliyovimba tabia yake ni nyingine kabisa: tonge hushikana, halitafuniki kwa kuwa tumezoea kulimeza lilivyo, na likifika mahali pembamba hukaa kama lilivyokaa kwako. Mkate na chapati navyo huloa mate na kuwa donge. Kwa kawaida vyakula hivi hurudi baada ya wiki 4 hadi 6, kwa ruhusa ya daktari wako, na hapo utaanza kwa vipande vidogo vilivyolowekwa katika mchuzi. Ndiyo, ugali utaula tena.

Namna ya kula ina uzito sawa na chakula chenyewe. Tumia kijiko cha chai na sahani ndogo, kaa wima, tafuna mpaka kilicho mdomoni kiwe uji, meza, subiri kishuke ndipo uchukue kijiko kingine. Kula kidogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa, maana nafasi tumboni imepungua na utashiba upesi. Kabla ya mlo, mafunda machache ya maji ya uvuguvugu huwasaidia wengi. Maji ya baridi sana huwafanya baadhi yao umio ukaze. Baada ya kula kaa wima kwa muda, usilale mara moja.

Na chakula kikisimama, acha kula hapo hapo. Simama, tembea polepole chumbani, pumua kwa utulivu, tema mate yakijaa. Usijaribu kukisukuma kwa tonge lingine wala kwa bilauri ya maji, kwa kuwa maji hukusanyika juu ya kilichokwama na kukuongezea maumivu. Soda ni mbaya zaidi, maana gesi yake hutanuka na haina pa kutokea. Mume wako alitenda kwa mapenzi, ila soda iondoke mezani kwako kwa wiki hizi, na mbege vilevile.

Hapa naomba uwape simu yako mama mkwe na mume wako wasome wenyewe.

Mama, shikamoo. Umeacha shughuli zako Rombo ukaja kumuuguza mkweo, na hilo ni jambo kubwa. Ugali wako haukuwa na kasoro yoyote. Ndani ya kifua chake kuna mshono mpya uliovimba, na kwa wiki chache tonge haliwezi kupita hapo bila kumtesa, na akitapika kwa nguvu mshono unaweza kuachia. Wewe unajua kupika mtori wa mama mzazi kuliko mimi. Mpikie huo, mwepesi, bila nyama ya nyuzi, umpe kidogo kidogo mara nyingi, na wageni wakimhimiza ale zaidi, uwe wewe wa kuwaambia kwamba hospitali imekataza. Neno lako litasikilizwa kuliko lake.

Hilo ndilo jibu ninalokushauri umpe hata kwa mdomo, dada yangu: usimwambie kwamba hutaki chakula chake, mwombe akupikie kile kinachopita. Mama anayekuja kuuguza anataka kuwa na kazi ya kufanya.

Kuhusu kukonda, karibu kila mtu hupungua kilo kadhaa katika mwezi wa kwanza, kwa sababu anakula vyakula vya majimaji na anashiba upesi. Jipime mara moja kwa wiki kwenye mzani uleule na uandike. Ongeza nguvu ya chakula bila kuongeza wingi wake: siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa ndani ya uji, maziwa ndani ya viazi, yai ndani ya supu. Uzito ukiendelea kushuka hata baada ya kuanza kula vyakula laini, mweleze daktari. Majirani wanaonong'ona huna deni la kuwaeleza hali ya mwili wako. Nimeona wagonjwa waliojilazimisha kula mbele za watu ili wazime maneno, wakaishia kurudishwa hospitali, na hilo linanihuzunisha kila ninapolikumbuka.

Hewa tumboni ina sababu ya wazi. Mlango uliofungwa ili tindikali isipande huzuia pia mbweu kutoka, hivyo hewa unayoimeza hushuka na kutokea chini. Tena watu wenye kiungulia cha muda mrefu huwa na mazoea ya kumeza mate mara kwa mara ili kutuliza ule moto, na kila funda la mate huenda na hewa. Mazoea hayo hayakomi siku ya upasuaji. Kula bila kuzungumza, usinywe kwa mrija, usitafune ubani wala pipi ya mpira, punguza maharage na kabichi kwa sasa, na tembea baada ya kula. Kwa wengi hali hii hupungua miezi inavyokwenda. Kwa baadhi hubaki kidogo, na ni haki yako kulijua hilo mapema.

Bega lilikuuma kwa sababu wakati wa upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili daktari aone ndani. Hewa inayobaki hukisumbua kiwambo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatokea shingoni pamoja na ile ya bega, kwa hiyo ubongo huyasikia maumivu begani. Huisha yenyewe ndani ya siku chache.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kutapika. Kichefuchefu kikali kikikupata, uwe na malaria, chakula kibaya au dawa isiyokukubali, usikivumilie. Nenda kituo cha afya mapema upewe dawa ya kukituliza, kwa sababu kujikamua kwa nguvu katika wiki hizi kunaweza kuzifungua nyuzi na kulirudisha tumbo kifuani. Kikohozi kikali nacho kitibiwe. Na usikubali kukaa siku nyingi bila choo, hasa kama bado unameza dawa kali za maumivu, maana kukamua chooni ni mzigo uleule kwa mshono. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na uombe dawa ya kulainisha choo ikihitajika.

Kazini unaweza kurudi pole pole kwa kukaa na kuuza ukiwa umepona vidonda na una nguvu, lakini kuinua vitu vizito kusubiri wiki 6 au kadiri daktari atakavyosema. Kipimo wanachotumia wengi ni kisizidi takriban kilo 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na belo la mitumba la kilo 45 usilisogeze hata kwa kulivuta. Mtafute kijana wa kukufungulia belo na kupanga nguo za juu, na mtoto mdogo akitaka kubebwa, kaa kwanza ndipo apande mapajani. Kutembea, kinyume chake, ni kuzuri kila siku, na huzuia damu kuganda miguuni.

Vidonge vikubwa navyo hukwama. Muulize mfamasia kipi kina namna ya maji na kipi kinaweza kusagwa, wala usisage mwenyewe bila kuuliza, kwa kuwa vipo visivyopaswa kuvunjwa, ikiwemo chembechembe zilizomo ndani ya vidonge vya omeprazoli. Usirudie dawa za kiungulia kwa sababu tu umehisi moto kidogo kifuani, maana hisia hiyo haina lazima ya kuwa tindikali. Mwachie daktari aamue.

Zipo dalili ambazo ukiziona unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku: kushindwa kumeza hata maji au mate yako, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya kifua au tumbo yanayozidi, homa, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kidonda kutoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Usizisubirishe hizi mpaka tarehe ya kliniki.

Tarehe hiyo ikifika, nenda na daftari lako la uzito na orodha ya vyakula vilivyopita na vilivyokwama, na usiondoke chumbani mpaka daktari amekuandikia kwenye kadi jina la upasuaji uliofanyiwa na tarehe yake. Kadi hiyo itembee nawe. Siku ukiugua ghafla mbali na Moshi, atakayekupokea anapaswa kujua kwamba mbweu na matapishi kwako havitoki kwa urahisi, na kwamba mrija wa puani kwenda tumboni haupitishwi kwa nguvu kwa mtu aliyeshonwa mahali hapo.

Dada Mshauri